Kisogo cha Panka

Panka la kuzalisha umeme wa upepo lilipoanza kuzunguka, watu wa kijiji cha Bhinyasar walipiga vifijo. Harjiram Raika hakupiga. Alikuwa amesimama mbele ya hekalu la Mama Jalvali, mungu wa kijiji, asubuhi ya ibada, ameelekeza uso mlangoni kama wenzake, na nyuma ya hekalu, juu kupita paa, aliliona bawa la kwanza likipanda upande wa kulia na kushuka upande wa kushoto. Akakodoa macho. Bawa la pili nalo likapanda kulia. La tatu, lile lililopakwa rangi nyeusi ili ndege walione wasiligonge, likapanda kulia vilevile.

Mlangoni, kuhani Sagatdan alikuwa akimzungushia Mama taa ya samli kama alivyofanya kila siku kwa miaka arobaini: juu, kulia, chini, kushoto, kama mshale wa saa. Mkono wake ulikwenda huku, panka nyuma ya paa likaenda kule. Yeye mwenyewe hakuona kitu, macho yake yalikuwa kwa Mama. Aliyeona wa pili ni kizee mmoja wa upande wa wanawake, na huyo hakunyamaza.

"Uuwi! Linazunguka mzunguko wa maiti!"

Vifijo vikakatika. Huko kwao kila chenye heri huzungukwa kwa kuumeni: Mama hekaluni, moto wa arusi, kisima kipya kabla hakijatekwa. Ni maiti peke yake, akishalazwa juu ya kuni zake, ndiye huzungukwa kinyume. Na sasa nyuma ya nyumba ya Mama, mbele ya kijiji kizima, chuma kirefu kuliko minara yote ya wilaya kilikuwa kinamzungukia kama maiti mchana kweupe, mzunguko baada ya mzunguko, wala hakichoki. Watu walilitazama panka kidogo tu. Kisha shingo zote zikageuka, zikamtazama Harjiram.

Walikuwa na sababu ya kumtazama. Kampuni ilipokuja mara ya kwanza ilikuja na karatasi ya serikali iliyosema kwamba orani ya Mama, lile pori la malisho ambalo tangu enzi za babu wa babu zao hakuna aliyethubutu kukata hata kitawi cha mswaki, ni ardhi tupu isiyo na mwenyewe. Ilitaka kusimamisha mapanka ishirini na mawili, yenye miguu ya vyuma vilivyosokotana kama minara ya simu, na nyaya zikining'inia juu kutoka moja hadi jingine. Wanawake walilala mbele ya malori. Mlingoti wa kupimia upepo ulikutwa asubuhi moja umelala chini, na aliyeulaza sitamtaja, ingawa kijiji kizima kinamjua na kinamsalimia kwa mikono miwili.

Harjiram hakulala mbele ya lori wala hakuangusha mlingoti. Yeye alikuwa amekaa miaka kumi na miwili akiwatunza ngamia wa askari wa mpakani, akajua Kihindi cha maofisini, akarudi na saa ya mkononi. Basi baraza likamwambia, nenda wewe ukaseme nao. Akaenda, mara kumi na nne. Alisema miguu ile ya kusokotana inawaita tai waje kutua, halafu bawa linawakata. Kampuni ikaleta nguzo ya duara, nyororo, isiyo na pa kutua. Alisema nyaya za juu zinamuua yule ndege mzito wa nyikani asiyeona vizuri mbele yake, na waliobaki wanahesabika, nyaya zikazikwa. Alisema ishirini na mawili ni mengi. Wakachora marefu zaidi, wakasema kwa urefu huo tisa yatatosha. Taa nyekundu ya kileleni ikafunikwa kwa chini isiwamulike waliolala uani. Na kila umbo lilipobadilika, hasira ya mtu fulani ilipoa. Aliyekuwa akipigania tai akanyamaza, aliyekuwa akipigania usingizi wake akanyamaza, na wanawake wakarudi kwenye kazi zao.

Likabaki swali la kuhani Sagatdan: litazunguka upande gani? Harjiram akalipeleka kwa Shalaka, injinia wa kampuni, msichana wa Pune aliyekuwa akiishi kwenye kontena katikati ya mchanga na hakujitia ukubwa.

"Kama saa, Baba," alimjibu.

Harjiram akaitazama saa yake, akaridhika. Akarudi akaliambia baraza: kama saa. Siku hiyo wakanywa maji ya afyuni. Mkuu wa baraza, Thakur Bhom Singh, aliyamimina kiganjani mwake, na Harjiram akainama akayanywa kutoka kiganja hicho, mbele ya mlango wa Mama. Neno lililonywewa namna hiyo halirudishwi, na anayelibeba ni aliyelinywa, si wale waliomtuma.

Baraza lilikaa palepale, jua halijafika utosini, kwenye ukumbi wa mawe ulio ubavuni mwa hekalu. Upepo wa kiangazi ulivuma kutoka kusini-magharibi, panka likazidi kukolea.

"Harji," mmoja akaanza, "hebu tuione hiyo saa yako. Ya nchi gani?"

"Kaivaa kichwa chini," akadakia mwingine.

"Askari walimpa ya adui, jamani, mwacheni!"

Wakacheka, lakini hakuna aliyefurahi. Harjiram aliishika saa yake kwa mkono wa pili kama anayeificha.

"Niliuliza kama mlivyonituma," alisema. "Nikajibiwa, kama saa."

"Na hilo unaloliona pale ni saa?" Bhom Singh aliuliza. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na sauti yake ilipozidi kushuka ndipo watu walipoogopa.

"Siyo, Thakur."

"Basi ulidanganywa, au umetudanganya?"

"Sijui. Nikijua nitasema."

"Jua upesi. Nakupa siku tisa. Siku ya kumi asubuhi panka hilo liwe limesimama, au liwe linazunguka sawasawa. La sivyo, kiko na maji vimefungwa kwako."

Hakuna aliyecheka tena. Aliyefungiwa kiko na maji hapokezwi bomba la kiko katika kikao chochote, hapewi moto wala salamu, na hashuki kwenye maji ya kijiji, yeye na kilicho chake. Tumbaku Harjiram angeweza kuiacha. Salamu pia, kwa kujikaza. Lakini kilicho chake kilikuwa ngamia thelathini na mmoja, kundi la mwisho la Bhinyasar, na kiangazi kile maji yaliyobaki yalikuwa bwawa moja tu, bwawa la Mama, mashariki ya hekalu. Bomba la serikali lilidondosha siku moja kwa juma, na hata siku hiyo lilikohoa zaidi ya kutoa maji. Bwawa jingine lilikuwa mwendo wa siku mbili, na kundi lile lilikuwa na ndama saba ambao miguu yao haijakomaa. Kuwauza? Raika akikuuzia ngamia jike aende kuchinjwa, jua huyo si Raika tena. Watu wa kabila hilo husema waliumbwa kwa ajili ya kumtunza ngamia, si ngamia kwa ajili yao.

"Siku tisa," alisema mkewe Pemi alipomsikia. "Hata mayai ya kuku hayaanguliwi kwa siku tisa."

"Usinichome, Mama Dhapu. Nimechomwa ya kutosha."

Pemi alikuwa anatarizi sketi ya binti yao Dhapu, aliyeolewa mbali. Sindano iliingia na kutoka. "Kwani ulipomuuliza yule msichana, ulikuwa umesimama wapi?"

"Ndani ya kontena lake. Kuna nini?"

"Hakuna. Nauliza tu." Akaigeuza nguo, akamwonyesha upande wa ndani. "Ua hili mbele linazunguka kwa kuumeni. Litazame kwa nyuma. Uzi unakwenda wapi?"

Harjiram alilitazama lile ua kwa muda mrefu. Hakulala vizuri siku hiyo wala zilizofuata. Alikwenda kwenye lango la kampuni asubuhi tano mfululizo, na asubuhi tano mlinzi akamwambia injinia yuko juu ya nguzo, injinia yuko Jodhpur, injinia yuko kwenye simu. Siku ya sita alikaa chini mbele ya lango, akavua viatu, akamwambia mlinzi kwamba hapo ndipo atakapokufa na kwamba yeye mlinzi atalazimika kumkanyaga kila akitaka kwenda chooni. Akaitwa ndani.

Shalaka hakumzungusha. Alionekana kama mtu ambaye naye hajalala.

"Nilikwambia kweli, Baba. Linazunguka kama saa, kwa anayelitazama usoni."

"Uso wake uko wapi?"

"Unakotoka upepo. Panka huutazama upepo siku zote. Ukisimama upande ule, upepo ukikupiga mgongoni, utaliona linakwenda kama saa. Hekalu liko upande wa pili. Nyinyi mnaona kisogo."

Juu ya meza yake palikuwa na panka dogo la kupooza joto. Akaliwasha kwa mwendo mdogo kabisa. Harjiram alisimama mbele yake: kama saa. Akaenda nyuma yake: mzunguko wa maiti. Akaizunguka meza mara tatu, kwa kuumeni kwa mazoea, na mara zote tatu ikawa vilevile. Hasira na aibu vikampanda pamoja. Kumbe alikuwa ameapa kwa jambo la kweli, na bado amewadanganya watu wake.

"Ligeuze basi."

"Haligeuki. Bawa limekatwa lishike upepo kwa upande mmoja tu. Ngamia wako anaweza kupiga magoti kwa nyuma?"

"Hawezi."

"Basi na hili haliwezi."

"Mbona hukuniambia habari ya kisogo?"

"Hukuniuliza kisogo, Baba. Na mimi sikujua." Machozi yalimlengalenga, akayafuta kwa mkono wenye grisi. "Sisi tunapima kelele, kivuli, ndege. Nina fomu ya kurasa sitini. Hakuna mahali wanapouliza Mama anaona nini."

Kisha akamwambia habari ambayo ilimfanya Harjiram avute pumzi kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Siku ya kumi meneja wa kampuni mwenyewe angekuja barazani. Panka hili lingefungwa breki mpaka msimu huu wa upepo uishe. Manane yaliyobaki, ambayo hayajasimamishwa, yangehamishiwa ng'ambo ya bwawa, kaskazini-mashariki ya hekalu. Kutoka hekaluni yangeonekana uso.

"Yatazunguka kama saa," alisema Shalaka, akatazama pembeni.

Harjiram aliona mzigo unamtoka mabegani. Ngamia wangekunywa. Kiko kingerudi. Akachukua glasi yake ya chai akaiweka katikati ya meza, hiyo ikawa hekalu, akalisogeza panka dogo upande wa pili wa glasi ili aone raha yake kwa macho. Upepo wa sasa unatoka huku, alijisemea. Panka linautazama. Glasi inaona uso. Vizuri.

Halafu mkono wake ukasita. Mtu aliyechunga ngamia tangu utotoni hawezi kufikiri upepo wa msimu mmoja.

"Na baridi ikija?" aliuliza. "Wakati wa baridi upepo unatoka kule, unapasua midomo."

Harjiram akaishika shingo ya panka, akaigeuza iutazame upepo wa baridi. Glasi ya chai ikawa nyuma yake, ikiangalia kisogo. Mabawa ya panka yakazunguka kinyume, taratibu, mbele ya glasi.

"Manane yote," alisema.

"Manane yote, Baba."

"Na wewe ulijua."

"Najua tangu juzi."

"Na meneja?"

"Ndiye aliyesema baridi iko mbali."

Panka lilivuma katikati yao.

"Nikinyamaza?" Harjiram aliuliza hatimaye.

"Ukinyamaza, baraza litafurahi na utarudishiwa kiko chako."

"Siulizii kiko, binti yangu."

Siku tatu zilizofuata alizibeba hizo habari peke yake, akashindwa, akamwambia Pemi. Pemi alimsikiliza mpaka mwisho. Aliweka chini ndoo ya maziwa, akamshika mumewe mikono yote miwili, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Nyamaza," alimwambia. "Baba Dhapu, mara moja tu maishani mwako, nyamaza. Hukuyaleta wewe. Hukuyachora wewe. Wenyewe wanataka kudanganywa, waache wadanganyike. Wale ndama saba nimewazalisha kwa mikono hii."

"Nimekusikia."

"Kunisikia si kazi. Utanyamaza?"

Harjiram hakusema ndiyo wala hakusema hapana, na Pemi akajua maana yake, akaanza kulia kwa hasira.

Siku ya kumi ilipambazuka panka likiwa limetulia, bawa jeusi likielekea chini. Watu walikuja barazani mapema kwa furaha. Ilikuwa siku ya zamu ya kundi la Harjiram kunywa, na ngamia wake, waliokuwa na kiu ya siku nne, walikuwa wamesimama kwenye tuta la bwawa, Pemi akiwazuia wasishuke mpaka neno litoke. Kelele zao zilisikika ukumbini. Meneja alishuka kwenye gari jeupe na maboksi ya peremende za maziwa. Akatandaza ramani juu ya mawe, akasema kwa heshima nyingi, akamtaja Mama kila sentensi ya tatu. Aliposema kwamba upande mpya mapanka yote yatazunguka kwa kuumeni, kama taa ya kuhani, watu walipiga vifijo kama vya siku ile ya kwanza. Sagatdan mwenyewe aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

Bhom Singh akakivuta kiko, moshi ukamtoka puani. Badala ya kukipeleka kwa aliyekaa kuumeni kwake, alinyoosha mkono kuvuka duara, akampa Harjiram bomba.

"Vuta, Harji. Umetutoa aibuni."

Harjiram akalipokea. Lilikuwa na joto la mdomo wa mwenzake. Kule tutani ngamia mmoja alilia, kisha ndama akamjibu. Kila mtu alikuwa anamtazama kwa wema, na wema huo ndio uliomtesa zaidi. Alichotakiwa kufanya ni kuvuta pumzi moja.

Akalishusha bomba.

"Thakur, nikivuta hiki nitakuwa nimewadanganya mara ya pili. Mara ya kwanza sikujua."

"Kudanganya nini tena?"

"Wakati wa baridi upepo utageuka, na panka litageuka nao. Manane hayo yatatupa kisogo. Tangu baridi ianze mpaka iishe, yatazunguka mzunguko wa maiti, yote manane, mbele ya mlango wa Mama kabisa. Leo tunalo moja nyuma ya nyumba yake."

Vurumai ikazuka. Meneja akacheka kwa sauti, akawageukia wazee. "Jamani, huyu mzee ngamia kamkalia kichwani. Hajui hata kusoma. Atajua mashine?"

"Mashine sijui," Harjiram akasema. "Upepo naujua."

Bhom Singh akainua kidole, watu wakatulia. Hakumtazama meneja. Alimtazama Shalaka, aliyesimama nyuma ya gari na viatu vyake vimejaa mchanga.

"Binti, wewe ndiye unayeyapanda. Anasema kweli?"

Shalaka alimtazama meneja wake. Meneja alimkazia macho, na kila mtu pale aliona kwamba kazi ya msichana huyo ilikuwa ndani ya macho hayo.

"Kweli," alisema. "Nusu mwaka uso, nusu mwaka kisogo. Popote mtakapoyaweka."

"Shalaka!"

"Nimeulizwa, bwana."

Kuhani Sagatdan aliinuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, na magoti yalimsumbua, kwa hiyo kuinuka kwake kulichukua muda na hakuna aliyesema kitu mpaka akasimama sawasawa.

"Mimi ndiye niliyeuliza linazunguka upande gani," alisema. "Mnajua kwa nini niliuliza hivyo? Kwa sababu hakuna aliyeniuliza kama nalitaka. Harji alikwenda mara kumi na nne kuulizwa miguu ya panka iweje, nyaya zake ziweje, rangi yake iweje. Tukaona tunaheshimiwa. Mimi silitaki. Sitaki uso wake wala kisogo chake ndani ya orani hii, likizunguka, likisimama, likicheza ngoma. Hilo ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo, nikaona haya."

Hapo ndipo lile jambo lilipokwisha, maana kila mmoja aligundua kwamba naye alikuwa ameona haya. Wanawake wakaanza kupaza sauti kutoka upande wao. Ramani ikakunjwa na watu ambao hawakuwa na idhini ya kuikunja. Meneja akasema wataonana wilayani, baraza likamjibu kwamba hata kesho ni sawa, na gari jeupe likaondoka na kuacha peremende zake zikiyeyuka juani. Shalaka aliondoka kwa miguu.

Harjiram alikuwa bado ameketi, bomba la kiko mkononi. Bhom Singh akamgeukia.

"Ungenyamaza, tusingejua mpaka baridi."

"Najua."

"Ngamia wako wangekuwa wameshakunywa maji ya masika."

"Najua, Thakur."

"Basi mbona?"

"Nilikunywa kiganjani mwako. Nisingeweza kukitazama tena."

Bhom Singh alikitazama kiganja chake. Watu walidhani sasa atasamehe, na wengine walishaanza kutabasamu. Lakini mimi namjua Bhom Singh, ni mtu aliyewahi kumfungia kiko ndugu yake wa tumbo moja.

"Panka lile bado lipo pale, breki yake ni ya msimu tu," alisema, na sauti yake ilitetemeka, ila haikukatika. "Lilipita kwa neno lako. Nikikuachia wewe kwa kuwa nakupenda, kesho nitamhukumu nani? Kiko na maji vimefungwa mpaka ling'olewe."

Akanyoosha mkono. Harjiram akampa bomba, akasimama, akatoka ukumbini akielekea tutani kuwakusanya ngamia wake. Hakuna aliyemtolea salamu. Alikuwa anahesabu kichwani: siku mbili za njia, ndama saba, labda wanne wangefika.

Pemi alikuwa amesikia. Mwanamke wa kwao hasemi na wazee wa mumewe. Hufunika uso, na akiwa na neno huliambia ukuta au mtoto lifike linakotakiwa. Ukuta haukuwapo. Pemi akashusha ushungi mpaka kidevuni, akamshika pua Rupli, ngamia jike aongozaye kundi, akapaza sauti ambayo ilifika mpaka kwenye mawe ya baraza.

"Rupli wee! Umesikia? Umefungiwa kiko. Haya, kitoe kiko chako uwape wazee."

Wanawake waliangua kicheko. Ukumbini hakuna aliyejitikisa.

"Hebu niambie, Rupli, wewe afyuni ulikunywa lini? Kiganjani mwa nani? Mbona hukuniambia? Na hawa watoto saba nao waliapa? Mbweha anakunywa hapa. Nguruwe pori anakuja na wake zake wote wanakunywa, na hakuna aliyewauliza baba yao ni nani. Au maji haya si ya Mama tena? Kama yamekuwa ya baraza, waambie wazee waseme, Rupli, tusikie sote, na Mama asikie."

Harjiram alisimama katikati ya njia. Aligeuka kutazama ukumbini. Wazee walitazamana. Sagatdan alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka.

Bhom Singh hakuweza kumjibu mke wa mtu. Akamwambia kuhani, kwa sauti ya kufika mbali, "Mwambie huyo ngamia ana mdomo mchafu."

"Nitamwambia," alijibu Sagatdan.

"Na wanyama walio ndani ya orani ni wa Mama. Wanywe." Akamnyooshea Harjiram kidole. "Yeye asishuke tutani."

Pemi akaiachia pua ya Rupli. Kundi lote likateremka kwa vumbi na vurugu, ndama wakijikwaa kwenye miguu ya mama zao, wakazamisha midomo. Harjiram alibaki juu ya tuta, pale mpaka ulipokomea, akawahesabu wakinywa: thelathini na mmoja. Machozi yalimtoka na hakuyaficha. Kiu yake mwenyewe angeikata kwa maziwa, kama babu zake walivyofanya majangwani, mwaka huu na mwakani ikibidi, kadiri wilaya itakavyochelewesha hukumu ya panka. Tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani, na harufu ya maji ilimfikia pale aliposimama.

Rupli alimaliza wa kwanza. Akapanda tuta moja kwa moja mpaka kwa bwana wake, akasimama mbele yake kama kawaida yao, akaitikisa midomo yake mikubwa iliyolowa. Maji yakamrukia Harjiram usoni, yakamtiririka kwenye masharubu. Akashika ncha ya kilemba, akayafuta upesi kabla hayajafika mdomoni.